Kamera Haimjui Mama Yako

Katika kabati la nyumba yangu imo picha moja ambayo sijaitia katika fremu, wala sina moyo wa kuitupa. Niliipiga mwenyewe, jioni moja ya harusi, ufukweni mwa Ziwa Victoria hapa Mwanza. Nyuma limesimama lile Jiwe la Bismarck, ambalo hakuna mgeni afikaye katika mji huu asiyeonyeshwa. Kila ufa wa jiwe hilo waonekana, hata ndege waliotua kileleni waweza kuwahesabu. Mbele ya jiwe wamesimama watu wawili. Mmoja ni bibi harusi, binti wa kaka yangu, na shela lake jeupe limekuwa la rangi ya majivu. Wa pili ni mama yangu mzazi, aliyepanda meli kutoka Nansio, Ukerewe, kuja kumwoza mjukuu wake. Uso wa mama ni doa jeusi lenye ukungu.

Siku ile sikuliona kosa. Kioo cha nyuma ya kamera ni kidogo, watu walikuwa wengi, na magari ya harusi yalikuwa yakipiga honi kutuhimiza twende ukumbini. Mwaka uliofuata mama alifariki dunia. Usiku wa msiba ndugu walipoulizana ni picha gani iwekwe mbele ya jeneza, tulipekua albamu zote na simu zote za nyumba ile. Picha za bibi zilikuwepo, lakini katika hii ameinama jikoni, katika ile amekatwa kichwa, katika nyingine yu nyuma ya watu. Tuliishia kuikuza picha ndogo ya kitambulisho chake, ile ambayo mtu hukaa kama mshtakiwa mbele ya hakimu.

Baada ya arobaini niliichukua picha yangu ya ufukweni nikampelekea mzee mmoja mwenye studio karibu na Makoroboi, mtu aliyeanza kazi hiyo tangu enzi za filamu na chumba cha giza. Aliitazama kwa muda mrefu.

“Mwanangu,” alisema, “hapa pana makosa mawili. La kwanza ni la mwanga. Hilo naweza kulipunguza. La pili ni la kulenga. Hilo halina dawa. Kamera yako ililitazama jiwe, haikumtazama mama.”

Nikamwuliza, “Mzee, na hizi programu za kompyuta zisemwazo kuwa husafisha picha zenye ukungu, haziwezi kusaidia?”

“Zipo,” akajibu. “Zitakuchorea macho, zitakuchorea na pua. Lakini huyo atakuwa mama wa nani?”

Kwa ajili ya maneno hayo nimeona vyema kwamba Jumapili ya leo tuzungumze juu ya mambo hayo mawili, kulenga na kupima mwanga. Ni mambo ambayo kila kamera ya dijitali inayo, na hata simu iliyomo mfukoni mwako inayo. Walakini wengi wetu tunaiachia mashine iamue yenyewe, kisha tunailaumu.

Kwanza yafaa tufahamu jinsi mashine yenyewe inavyofikiri. Zamani mpiga picha alikuwa na kipimo cha mwanga mkononi, akakisogeza karibu na uso wa mtu, akasoma mshale, ndipo akaitengeneza kamera yake. Kulenga nako alikufanya kwa mkono, kwa kuizungusha lenzi. Kazi hizo mbili zimehamia ndani ya kamera kidogo kidogo. Mwaka 1977 ilitoka Konica C35 AF, kamera ya kwanza kuuzwa madukani yenye uwezo wa kujilenga yenyewe. Mwaka 1983 kampuni ya Nikon ilitoa kamera iitwayo FA, iliyoigawa picha katika sehemu tano na kuupima mwanga wa kila sehemu peke yake. Mwaka 1985 Minolta 7000 ilifungua njia ya kamera kubwa za kubadilisha lenzi zinazojilenga. Kamera zote za leo ni wajukuu wa hizo tatu.

Basi, mashine hii ya ajabu haijui bibi ni nani wala jiwe ni nini. Katika kupima mwanga huwa na kanuni moja ya msingi: hudhani kwamba vitu vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa pamoja, vitatoa rangi ya kijivu cha wastani. Wapiga picha wa zamani walikuwa na kadi ya rangi hiyo, irudishayo asilimia 18 ya mwanga unaoiangukia. Ukiielekeza kamera kwenye ziwa linalometameta, huona mwanga mwingi kupita kiasi, ikaupunguza mpaka maji yawe ya kijivu. Na mtu aliyesimama mbele ya maji hayo hupunguzwa naye, akawa mweusi tititi. Ukiielekeza kwenye pazia jeusi, hufanya kinyume chake. Kosa si la mtu aliyepigwa picha, wala mashine haikuharibika. Imetii kanuni yake barabara.

Kwa sababu hiyo watengenezaji wameweka njia mbalimbali za kupima mwanga, nawe ndiwe unayepaswa kuchagua. Zilizo kubwa ni tatu.

Njia ya kwanza hupima picha nzima. Kamera huigawa picha katika vipande vingi, ikavilinganisha, kisha ikakisia. Kwa kazi za kila siku njia hii yatosha kabisa: watoto wanaocheza uwanjani jua likiwa nyuma yako, soko la Kirumba asubuhi, wafanyakazi wenzako wamejipanga kivulini.

Njia ya pili hupima picha nzima lakini hutilia mkazo sehemu ya katikati. Yafaa kwa picha ya mtu mmoja aliyekaa katikati, kama zile za studio.

Njia ya tatu hupima mahali padogo tu, na alama yake katika kamera nyingi ni kitone kimoja ndani ya kisanduku. Hii ndiyo ambayo ningeitumia jioni ile. Ningekielekeza kitone hicho usoni kwa mama, nayo kamera isingeyajali maji wala jua. Ingeupima uso wake peke yake. Jua nyuma yake lingetoka jeupe mno, ndiyo, lakini nani aliyelihitaji jua? Angalia jambo moja: katika kamera nyingine kitone hicho hubaki katikati ya kioo daima, na katika nyingine hufuata mahali ulipolenga. Jaribu ya kwako nyumbani kabla ya siku ya shughuli.

Pamoja na njia hizo tatu, kipo kitufe kidogo chenye alama ya kujumlisha na kutoa, ambacho wenye kamera wengi hawajakigusa tangu wainunue. Hicho ndicho chombo cha kuisahihisha kanuni ya kijivu. Hatua moja ya kujumlisha huongeza mwanga mara mbili. Hatua moja ya kutoa huupunguza kwa nusu. Shela jeupe likijaa katika picha, kamera italitia majivu. Jumlisha hatua moja nalo litarudi kuwa jeupe. Uso wa mtu mweusi ukijaa katika picha, kamera itataka kuupausha uwe wa kijivu. Toa nusu ya hatua au zaidi kidogo, nao utarudi katika rangi yake ya haki.

Mzee wa Makoroboi alinifundisha hila moja ya zamani isiyohitaji fedha. Nyoosha kiganja chako katika mwanga ule ule uliomwangukia mtu unayempiga picha, kipime kwa ile njia ya kitone, kisha jumlisha hatua moja. Kiganja cha watu wengi, weusi kwa weupe, ni cheupe kuliko kijivu cha kamera kwa kadiri ya hatua moja. Kwa hiyo unatembea na kipimo chako mkononi.

Msomaji anaweza kuuliza: je, mbona nyuso zetu ndizo zinazopotea zaidi katika picha? Ukweli ni kwamba mtu ye yote, awe wa rangi gani, akisimama na jua nyuma yake atatiwa giza. Lakini uso mweusi huanza karibu na giza, hivyo alama zake hupotea mapema. Tena iko historia yake. Kwa miongo mingi maabara za kusafishia picha za rangi zilipima usahihi wa rangi zao kwa kadi za mfano kutoka kampuni ya Kodak ya Marekani, zenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Mafundi waliziita “Shirley”, kwa jina la mmoja wa wanawake wa mwanzo kupigwa picha hizo. Mtafiti Lorna Roth wa Kanada, aliyechapisha uchunguzi wake mwaka 2009, ameeleza kwamba miongoni mwa malalamiko yaliyoisukuma kampuni hiyo kuzitengeneza upya filamu zake yalikuwa ya watengenezaji wa samani za mbao na wa chokoleti, ambao rangi za kahawia za bidhaa zao hazikutokea vizuri. Mbao na chokoleti zilisikilizwa! Siku hizi mambo yamebadilika kwa kiasi. Mwaka 2021 kampuni ya Google ilitangaza kwamba kamera ya simu yake ya Pixel 6 imerekebishwa kwa makusudi ili ionyeshe ngozi nyeusi kwa usahihi. Hata hivyo, asiyengoja kusaidiwa na kiwanda ndiye atakayekuwa na picha nzuri leo.

Sasa tuje kwenye kulenga. Hapa kosa langu lilikuwa la kawaida mno, na naamini wengi wenu mmelifanya. Mama na bibi harusi walisimama bega kwa bega, na kati ya vichwa vyao palikuwa na nafasi. Kamera yangu ililenga katikati ya kioo, ikapenya katika nafasi ile, ikakutana na jiwe lenye kingo na nyufa zinazoonekana wazi. Mashine ya kulenga hupenda kingo, yaani mahali ambapo cheupe na cheusi vinapakana. Ikafurahi, ikalia “pii”, nami nikafyatua.

Dawa yake ni kuikataza kamera isijichagulie. Chagua kisanduku kimoja tu cha kulengea, kiweke juu ya jicho la mtu, bonyeza kitufe cha kupigia nusu, na ukishike hapo. Lenzi itatulia. Bila kuachia kidole, sogeza kamera uwapange watu upendavyo, kisha malizia kubonyeza. Usisogee mbele wala nyuma baada ya kulenga, maana umbali ukibadilika kazi yako imeharibika. Na kama watu ni wawili, lenga jicho la yule aliye karibu nawe. Kamera nyingi mpya hulitafuta jicho la mtu zenyewe. Zikifanya hivyo vyema, ziache zifanye, lakini hakikisha kisanduku kimetua juu ya mtu uliyemkusudia. Katika umati wa harusi huweza kumchagua mpishi.

Fahamu pia kwamba kubonyeza nusu huishika lenzi, lakini si katika kamera zote hushika na kipimo cha mwanga. Kamera nyingi zina kitufe cha pekee kwa kazi hiyo, chenye maandishi AE-L au alama ya nyota. Kitafute.

Tena zipo namna kuu mbili za kulenga. Ya kwanza ni ya kitu kilichotulia: kamera hulenga mara moja na kukaa hapo. Katika Nikon na Sony imeandikwa AF-S, na katika Canon ONE SHOT. Ya pili ni ya kitu kinachokwenda: kamera huendelea kulenga kila dakika unaposhikilia kitufe. Katika Nikon na Sony ni AF-C, na katika Canon nyingi ni AI SERVO au SERVO.

Mtu akienda Bujora, huko Kisesa, mwezi wa Juni katika sherehe za Bulabo, ambako makundi ya ngoma ya Wagalu na Wagika hushindana kama ilivyo desturi ya Wasukuma, namna ya kwanza haitamfaa hata kidogo. Mchezaji yu mbele, mara yu nyuma, mara ameruka na joka lake shingoni. Atumie namna ya pili, na kasi ya kufyatua isipungue sehemu ya 500 ya sekunde. Lakini akirudi nyumbani kumpiga picha babu aliyekaa kwenye kiti chake cha uvivu, arudi katika namna ya kwanza, maana ile ya pili huweza kuhamia kitu kingine wakati anaposogeza kamera ili kuipanga picha.

Ndugu msomaji, baada ya kusema yote hayo juu ya vitufe, sina budi kusema neno juu ya mji wetu wenyewe. Mwanza imekaa upande wa mashariki wa ghuba yake, na maji yako upande wa magharibi. Kwa hiyo mtu anayesimama karibu na kivuko cha Kamanga akilipa ziwa mgongo, asubuhi jua humwangaza usoni, na jioni humchoma mgongoni. Nasi karibu harusi zetu zote huenda kupiga picha jioni! Tunatoka kanisani au msikitini, tunakula, tunachelewa, ndipo tunafika ufukweni saa kumi na mbili, jua likiwa limeshuka juu ya maji mekundu. Ni saa nzuri kwa kulitazama ziwa, na ni saa ngumu kuliko zote kwa uso wa mtu.

Mwenye nafasi na awapeleke wazee ufukweni asubuhi. Asiyeweza, awageuze walitazame jua linalozama, naye apate nyuma yao vilima vya mawe badala ya maji. Mawe ya Mwanza nayo ni mapambo. Na kama ni lazima maji yaonekane, apime uso kwa kitone, au awashe flashi ingawa bado ni mchana. Watu watamcheka kuwasha taa juani, awaache wacheke. Mchana wa saa saba, jua likiwa utosini, macho ya watu huzama katika vivuli. Tafuta mwembe, simama chini yake.

Usiku nao una kanuni zake. Wavuvi wa dagaa wanapoondoka katika usiku usio na mbalamwezi, na taa zao zikaonekana juu ya maji kama mji wa pili, wengi hupiga picha na kupata madoa meupe tu. Sababu ni ile ile: kamera imeona giza jingi ikataka kuligeuza kijivu. Toa hatua moja au mbili. Na kwa kuwa gizani mashine haioni kingo za kulenga, ielekeze kwenye ubavu wa mtumbwi uliomulikwa na taa.

Wenye simu peke yao wasidhani wameachwa. Gusa uso wa mtu kwenye kioo cha simu, nayo italenga hapo na kupima mwanga wa hapo kwa mara moja. Katika simu nyingi itatokea alama ya jua. Ivute juu kuongeza mwanga, ivute chini kuupunguza. Ukikandamiza kidole kwa muda, katika simu nyingi vipimo hivyo viwili hufungwa visibadilike. Kugusa huko huchukua nukta moja. Laiti ningeitumia nukta hiyo!

Kati ya makosa mawili, basi, chunga zaidi lile la kulenga. Picha yenye giza huweza kuangazwa kidogo baadaye, hasa ikiwa kamera yako yahifadhi picha ghafi, ile iitwayo RAW. Picha ambayo uso haukulengwa imekwisha. Kila upigapo picha ya mtu wa maana, ikuze kwenye kioo pale pale, uyatazame macho. Kama huwezi kuzitenganisha kope na jicho, usione haya; mwombe asimame tena. Mama yangu angesimama tena. Angenung’unika kuhusu miguu yake, lakini angesimama.

Nina ombi moja kwa wiki hii. Katika nyumba yako, au katika nyumba ya jirani, yupo mzee ambaye hana picha nzuri hata moja. Mkalishe karibu na mlango au dirisha, uso wake uuelekee mwanga. Lenga jicho, pima uso, zungumza naye kidogo mpaka asahau kamera, kisha fyatua. Ipeleke ikasafishwe kwenye karatasi, maana simu huibiwa na simu huanguka majini.

Juzi mjukuu wa mama, mtoto wa miaka sita, aliitoa ile picha ya ufukweni kabatini akaniuliza, “Baba mkubwa, bibi yuko wapi hapa?” Nikaweka kidole juu ya lile doa. Akalitazama, kisha akatazama jiwe, akasema jiwe limetoka vizuri.

Jumapili ijayo, tukijaliwa, tutazungumzia namna ya kuzihifadhi picha za nyumbani zisiliwe na unyevu wala mchwa.